Ramani Ipo Kwenye GPS Lakini Inadanganya: Tafuta Kosa kwa Dalili

Nilikuwa nimesimama kwenye banio la mfongo, yaani mfereji wa maji wa Wachagga, upande wa kusini wa Kilimanjaro, maji yananipiga kwenye buti. Kwenye kioo cha GPS, juu ya ramani ya 1:50,000 niliyoiskani mwenyewe, nukta yangu ilikuwa imekaa mita kama 300 huko chini, tena si korongoni bali mgongoni mwa kilima, katikati ya migomba ya watu. Mzee aliyekuwa ananiongoza alichungulia kile kioo, akauliza, "Mwanangu, hicho kidude kinatufuata au kinatutangulia?"

Kidude kilikuwa kinasema kweli. Iliyokosea ilikuwa ramani, na aliyeikosesha ni mimi, mezani, kwa kubofya chaguo moja bila kusoma pambizo ya karatasi.

Haya yafuatayo ni kwa anayeskani ramani ya karatasi, anaifunga kwenye koodineti kwa QGIS, programu ya bure ya ramani, kisha anaihamishia kwenye GPS ya Garmin ya mkononi au kwenye simu. Mifano ni ya ramani za 1:50,000 za Tanzania na Kenya, ambazo nyingi zilitengenezwa na DOS, idara ya Uingereza iliyokuwa ikipima makoloni. Ndizo ninazozishika kila siku.

Kabla hujagusa kitu, pima kosa

Wengi wakiona ramani imekaa kombo huikamata na kuisogeza kwa mkono mpaka barabara ziangukiane. Ukifanya hivyo umefuta ushahidi. Kosa la ramani lina ukubwa na lina upande, na ukivijua hivyo viwili umeshamkaribia mkosaji.

Chagua vitu vitatu visivyohama, vilivyo mbalimbali kwenye karatasi: daraja la reli, kanisa au msikiti wa zamani, njia panda ya barabara kuu. Mito iache, maana hubadili njia, na barabara nyingi za vumbi zimeshahamishwa tangu picha za ndege zilizotumika kuchora ramani hizo zipigwe. Weka ramani yako juu ya picha ya setilaiti, kisha kwa kila kitu andika: ramani inakionyesha umbali gani kutoka kilipo kweli, na kuelekea wapi. Karatasi na kalamu vinatosha.

Vitu vyote vitatu vikiwa vimesogea umbali uleule kuelekea upande uleule, tatizo ni datamu, yaani kipimo cha msingi cha umbo na kitovu cha dunia ambacho ramani imejengwa juu yake. Kimoja kikiwa sawa na vingine vimepinda kila kimoja kivyake, tatizo ni pointi ulizobofya wakati wa kuifunga au karatasi yenyewe. Na kama ramani haipo hata kwenye mkoa wake, ni kanda (kipande cha dunia ambacho gridi inahesabiwa ndani yake), ni alama ya kutoa, au ni tarakimu zilizopungua.

Kosa la mita tano au kumi lisikuhangaishe. GPS ya mkononi yenyewe hutangatanga mita tatu hadi tano ikiwa mahali peupe, na zaidi ya hapo ukiwa chini ya miti mikubwa au ndani ya korongo lenye kuta ndefu.

Ramani nzima imesogea mita kama 300 kaskazini

Hili ndilo lililonipata kwenye mfongo, na ndilo ninaloletewa mara nyingi kuliko mengine yote yakijumlishwa.

Chukua karatasi usome pambizo ya chini. Utaona imeandikwa gridi ya UTM (ile inayohesabu mahali kwa mita kwenda mashariki na kaskazini), umbo la dunia la Clarke 1880, na datamu ya Arc 1960. GPS yako inafanya kazi kwa WGS84. Hizi ni namna mbili za kuipima dunia ileile, na kitovu cha moja hakipo mahali kilipo kitovu cha nyingine. Kuhama kutoka Arc 1960 kwenda WGS84 kwa eneo la Kenya na Tanzania, wastani unaotumika ni mita -160 kwenye mhimili wa X, -6 kwenye Y na -302 kwenye Z. Kwa kuwa tuko karibu na Ikweta, ule wa Z karibu wote huangukia kwenye kaskazini na kusini.

Maeneo ya Moshi, mahali palepale huwa na namba ya kaskazini ya WGS84 iliyo ndogo kwa mita kama 300 kuliko ile ya gridi ya ramani, na namba ya mashariki iliyo kubwa kwa mita kama 90. Kwa hiyo ukisoma namba za gridi kwenye karatasi na kuiambia programu kwamba ni WGS84, ramani yote inapaa kaskazini mita 300 na kuegemea magharibi mita 90. Nukta yako, ambayo haijahama, itaonekana imekaa kusini-mashariki mwa mahali uliposimama. Kwenye mteremko wa kusini wa mlima, kusini ni chini na mita 90 za mashariki zinatosha kukutoa korongoni na kukupandisha mgongoni. Ndivyo nilivyojikuta migombani. Juu ya karatasi kosa hilo lote ni milimita sita tu, upana wa kidole kidogo haufikii.

Dawa ni namba moja, ile ya mfumo wa koodineti. Kwa ramani ya kanda 37 Kusini, pointi zako ziwe kwenye EPSG:21037, yaani Arc 1960 kwa UTM 37S. Wengi huchagua EPSG:32737 kwa sababu majina yanafanana na hiyo ndiyo inayotangulia kuonekana. Ile ni WGS84. Huna haja ya kubofya pointi zote upya. QGIS huziweka kwenye faili lenye kiambishi .points kando ya picha. Lifungue tena kwenye Georeferencer, zana ya QGIS ya kufunga ramani, rekebisha mfumo wa koodineti, endesha kazi upya. Dakika mbili.

Kuna mtego wa pili hapohapo, na huu uliwahi kunimalizia jioni nzima. Umeweka 21037, na bado mita 300 zipo. Wakati wa kuhamisha kutoka Arc 1960 kwenda WGS84, QGIS inaweza kukuuliza utumie mhamisho upi. Upo ule wa wastani niliotaja, na upo wa Tanzania peke yake, -175, -23, -303. Hapa Moshi hiyo miwili inatofautiana mita kama tano, kwa hiyo chagua wowote ulale usingizi. Lakini ukiona kwenye orodha kuna uliobeba neno "ballpark", huo hauhamishi chochote. Unabadilisha jina la datamu na kuacha namba zilivyo. Ni sawa na kubadili kibao cha duka bila kubadili bidhaa. Kama uliwahi kuuchagua, nenda kwenye mipangilio ya programu, sehemu ya mihamisho ya koodineti, uufute.

Ombi moja kwa wanaoskani: msikate pambizo. Wengi hukata ili picha ipendeze, na habari zote hizi zinaishia kwenye ndoo ya taka. Skani karatasi nzima, utakata baadaye.

Ramani imehama mkoa, au imehama bara

Kilimanjaro imetua upande wa Kakonko, kule Kigoma: umechagua kanda 36 badala ya 37. Kila kanda ina upana wa nyuzi 6, na namba zilezile husomeka kwenye kila kanda. Mpaka wa kanda hizi mbili ni longitudo 36, kwa hiyo Arusha mjini na Moshi ziko 37, lakini Karatu na Ngorongoro ziko 36. Ukiunganisha karatasi za pande mbili za mstari huo, kila moja ifungwe kwenye kanda yake kwanza.

Ramani imepaa hadi karibu na Ncha ya Kaskazini: umechagua Kaskazini badala ya Kusini. Kusini mwa Ikweta UTM huanza kuhesabu kutoka 10,000,000 na kushuka, ndiyo maana Moshi ina namba ya kaskazini ya milioni 9.6. Isome namba hiyo kama ya upande wa Kaskazini na utajikuta kwenye barafu. Wenzetu wa Uganda, na wa Kenya juu ya Ikweta, huangukia shimo hilohilo kwa kinyume.

Ramani imezama Ghuba ya Guinea, kusini mwa Ghana: hapo ndipo latitudo 0 na longitudo 0 zinapokutana. Picha haijafungwa kabisa, ama umefungua ile ya awali badala ya iliyotoka kwenye Georeferencer.

Ramani ya Moshi iko kaskazini mwa Kenya badala ya Tanzania: umesahau alama ya kutoa mbele ya latitudo.

Pointi moja inavuta ramani yote

Kwenye jedwali la pointi, QGIS huonyesha kosa la kila pointi kwa pikseli, na juu ya picha huchora mstari mwekundu kutoka pointi ilipo hadi inapopaswa kuwa. Ukiona pointi tisa zina kosa la pikseli moja au mbili na ya kumi ina 240, usihangaike na hizo tisa.

Mara nyingi ni usomaji wa gridi. Kwenye karatasi, mistari mingi imeandikwa tarakimu mbili tu kubwa, na namba kamili huandikwa karibu na kona. Mstari wa 16 karibu na Moshi ni 316000 mashariki; mstari wa 30 ni 9630000 kaskazini. Kinachokosewa zaidi ni sufuri: 31600, au 963000. Kinachofuata ni kubadilishana nafasi, mashariki ikaingia kwenye Y.

Wanaotumia kona za ramani badala ya gridi wana ugonjwa wao. Kona imeandikwa 37°15', wao huandika 37.15. Dakika 15 ni robo ya nyuzi, kwa hiyo ni 37.25, na tofauti hiyo ni kama kilomita 11. Tena kona hizo zikiwa kwa nyuzi, mfumo wake ni Arc 1960 wa nyuzi, EPSG:4210. Si 21037, na wala si WGS84.

Katikati pako sawa, pembeni pamepinda

Hapa tutulie kidogo, maana hapa ndipo watu hujidanganya huku programu ikiwapongeza.

Anza na karatasi. Ramani iliyokunjwa mara nane na kukaa miaka 40 kwenye kabati lenye unyevu haina umbo ililotoka nalo kiwandani. Skana ya kuvuta karatasi kwa roli nayo huweza kuirefusha kidogo upande wa kuvutia. Na picha ya simu, hata uipige ukiwa juu ya kiti, huwa na upande mmoja mkubwa kuliko mwingine.

Kila kasoro ina dawa yake kwenye orodha ya mageuzi. Helmert huzungusha na kukuza pande zote sawa, basi. Haiwezi kutibu karatasi iliyovutika upande mmoja. Polynomial 1 inaweza, inahitaji pointi 3 tu, na kwa skana nzuri ya bapa ndiyo ninayoianza nayo siku zote. Projective, yenye pointi 4 kwenda juu, ni ya picha ya simu. Polynomial 2 inahitaji 6 na Polynomial 3 inahitaji 10. Hizi mbili hupenda kupindisha vibaya nje ya eneo lenye pointi, kwa hiyo ukizitumia hakikisha pointi zimefika hadi kingo.

Kisha kuna Thin Plate Spline, kipenzi cha wengi. Unaichagua, safu ya makosa inageuka sufuri tupu, unashangilia. Lakini mbinu hiyo hulazimisha picha kupita kwenye kila pointi uliyoweka, iwe sahihi iwe mbovu. Sufuri hizo hazisemi kwamba ramani ni sahihi. Zinasema kwamba programu imekutii. Umeandika 317000 badala ya 316000? Itaikunja karatasi kilomita nzima mahali hapo na bado itakuonyesha sufuri.

Ninavyofanya ni hivi. Karatasi moja inafunika dakika 15 kwa 15, yaani karibu kilomita 27.7 kila upande, na mistari ya gridi iko kila kilomita, kwa hiyo makutano ni mengi kupita unayohitaji. Nabofya makutano ya kila kilomita 5, pointi kama 30 hivi. Kwanza naendesha kwa Polynomial 1 ili makosa ya kuandika yajitokeze, kwa sababu yenyewe haiwezi kuyaficha. Nikishayasafisha, na kama mikunjo bado inasumbua, ndipo nabadili kwenda Thin Plate Spline. Makutano matano au sita nayaacha bila kubofya, hasa yaliyo karibu na mikunjo. Hao ni mashahidi wangu. Baada ya kazi nawasha gridi ya kilomita moja juu ya ramani iliyofungwa na kwenda kwa kila shahidi: mstari wa gridi ya kompyuta umelala juu ya mstari wa karatasi, au umeukimbia?

Unapobofya, kuza mpaka uone pikseli moja moja. Mstari wa gridi wenye unene wa milimita 0.2 unafunika mita 10 ardhini. Kwenye skani ya dpi 300 (nukta 300 kwa kila inchi) pikseli moja ni mita 4.2, kwa hiyo ule mstari ni ukanda wa pikseli mbili au tatu, wenye kingo za kijivu. Lenga katikati ya msalaba. Anayebofya kwa mbali huongeza mita 20 bila kujua, halafu anailaumu setilaiti.

Kwenye kompyuta ni sawa, kwenye Garmin kona zimepishana

Garmin hupokea ramani za picha kwa faili la KMZ, ambamo kila kipande huwekwa kwa mipaka minne: kaskazini, kusini, mashariki, magharibi. Gridi ya UTM haikai wima kabisa na kaskazini ya kweli. Maeneo ya Moshi tofauti ni kama sehemu moja ya kumi ya nyuzi, ndogo kuliko jicho, lakini kutoka ukingo hadi ukingo wa karatasi inafika mita 45 au zaidi. Kwa hiyo igeuze kwanza picha kwenda EPSG:4326, yaani WGS84 ya nyuzi, ndipo uikate vipande. Programu-jalizi ya QGIS iitwayo GarminCustomMap hutengeneza KMZ yenyewe. Hakikisha mradi uko kwenye 4326 kabla ya kuiendesha.

Garmin haionyeshi kitu kabisa

Faili liwe kwenye folda ya Garmin/CustomMaps, ndani ya kifaa au kwenye kadi. Vipande ndani yake viwe JPEG, siyo PNG, na isiwe ile JPEG ya kujichora hatua kwa hatua iitwayo progressive. Baadhi ya programu za picha huihifadhi hivyo bila kukuambia. Washa ramani hiyo kwenye mipangilio ya ramani. Kuza, maana ukiwa mbali sana kifaa huificha. Na kama una eTrex 10, acha kutafuta: haipokei ramani za namna hii. eTrex 20 na 30 zinapokea.

Ramani ikiwepo lakini imefunikwa na ramani ya kiwandani, angalia namba ya mpangilio wa kuchora ndani ya KMZ. Kuanzia 50 kwenda juu, picha yako hukaa juu ya nyingine.

Baadhi ya vipande havipo

Hesabu. Kipande kimoja kisizidi pikseli 1024 kwa 1024, na vifaa vingi vya mkononi vinakubali vipande 100 kwa jumla, mafaili yote pamoja. Karatasi moja ya 1:50,000 bila pambizo ina sentimita 55 kila upande. Kwa dpi 300 ni pikseli 6,500 hivi, vipande 49. Kwa dpi 400, vipande 81. Kwa dpi 600, vipande 169, na vilivyozidi 100 havionekani. Kuskani kwa dpi 600 hakuongezi chochote ambacho mchoraji hakukiweka. Dpi 300 inatosha, na karatasi mbili zitaingia.

Simu inaonyesha ramani kwa ukuzaji mmoja tu

Ukitengeneza MBTiles, faili la vipande vya ramani, kwa ajili ya programu za simu za OruxMaps au Locus Map, zana ya QGIS huja ikiwa imewekwa ukuzaji wa 12 hadi 12. Usipobadilisha, utapata ngazi moja, nayo ina ukungu. Karibu na Ikweta ngazi ya 15 ni mita 4.8 kwa pikseli na ya 16 ni mita 2.4. Kwa skani ya dpi 300, weka 10 hadi 16. Kwenda 18 ni kujaza kadi bure.

Rangi zimechafuka, au pambizo imefunika ramani ya jirani

Madoa ya rangi za ajabu hutokea picha ikiwa imehifadhiwa kwa orodha ya rangi 256 kisha ikageuzwa kwa mbinu ya kulainisha pikseli. Ibadili kwanza iwe ya rangi kamili. Pambizo zikate kwa mipaka ya dakika 15 baada ya kufunga. Na usitegemee uwazi, kwa kuwa JPEG haina uwazi, sehemu tupu huwa nyeusi au nyeupe.

Picha iko sawa, lakini namba hazilingani na karatasi

Uko porini, mwenzako ofisini ana karatasi, unamsomea koodineti kwa simu, naye anakwambia uko mita 300 kutoka unapodai. Nukta kwenye kioo iko palepale ulipo. Hapa ramani haina kosa. Kifaa kinakuandikia namba kwa WGS84, naye anazitafuta kwenye gridi ya Arc 1960.

Kwenye Garmin fungua mpangilio wa namna ya kuandika mahali, chagua UTM, na kwenye datamu chagua Arc 1960. Nukta haitasogea hata kidogo; zitabadilika namba tu. Ukimaliza rudisha WGS84 kabla hujamtumia mtu mwingine pointi, na kwenye daftari andika datamu kando ya kila koodineti. Yule mzee wa mfongo nilimpigia wiki iliyofuata kumsomea namba za banio lake ili ziingie kwenye maombi ya kibali cha maji. Aliniuliza kama hizi ni zile za migombani.